Makhan Singh, Katibu wa Wafanya Kazi: Maisha Yake na Picha Yake
Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nyanchwa



Tulipoagizwa na Halmashauri kusema maneno machache katika mkutano huu, hatukupewa neno la kuhubiri bali neno la kujibu. Mwaka huu chumba chetu cha mikutano kimepakwa chokaa upya, nasi sote twajua ya kuwa ukuta mweupe huleta maneno. Vijana wameomba itundikwe picha ya Bwana Makhan Singh, aliyekuwa katibu wa wafanya kazi katika nchi hii. Mzee wetu mmoja akauliza, na swali lake limo katika kumbukumbu za mkutano: “Huyu Mhindi alitulimia shamba gani?” Mzee wa pili akauliza kama ni haki fedha za kuzikia maiti na kusaidia wajane zinunue kioo na fremu.

Maswali yote mawili ni mazuri, wala hatukusimama hapa ili tuyadharau. Mtu asiyejua habari za mtu mwingine hana sababu ya kumtazama ukutani kila mkutano. Basi twaomba subira yenu tuwaeleze habari hizo, kisha mtaamua wenyewe.

Twaanza mbali kidogo, maana desturi ya kutundika picha ya mtetezi wa vibarua ilianza mbali. Huko Uskochi alizaliwa mwaka 1856 mtoto mmoja, jina lake Keir Hardie. Kwao walikuwa maskini, hata akiwa na umri wa miaka saba hivi alikuwa tayari yu kazini. Alipokuwa na umri kama miaka kumi alikuwa mtumishi wa mwoka mikate katika mji wa Glasgow. Wakati huo baba yake hakuwa na kazi, na nyumbani walikula ujira wa mtoto huyo peke yake. Ndugu yake alikuwa mgonjwa, naye akikesha kumwuguza. Kwa hiyo alichelewa kufika kazini asubuhi mbili. Tajiri wake hakuuliza sababu. Alimfukuza, na ujira wake wa juma zima akauzuia. Keir Hardie mwenyewe aliisimulia habari hii alipokuwa mtu mzima, maana hakuisahau kamwe. Wazee, tafadhali mwiweke moyoni, maana tutairudia kabla hatujaketi.

Baadaye mtoto huyo aliingia katika mgodi wa makaa ya mawe, akajifunza kusoma kwa mama yake na katika shule ya usiku, akawa kiongozi wa wachimba makaa. Mwaka 1892 watu wa West Ham, upande wa mashariki ya London, walimchagua kuingia katika Bunge la Uingereza. Siku zile mbunge alivaa koti refu jeusi na kofia ndefu ya hariri. Yeye aliingia na suti ya kawaida na kofia ya kibarua, na magazeti yakapiga kelele siku nyingi kwa ajili ya kofia hiyo. Mwaka 1906 akawa kiongozi wa kwanza wa wabunge wa Chama cha Leba. Imani yake ilikuwa ya ujamaa, yaani kwamba mali itokayo kwa jasho la wengi isiliwe na wachache.

Tena hakuwatetea watu wa kwao tu. Mwaka 1907 alizuru Bara Hindi, akasema ya kuwa Wahindi wastahili kujitawala, na magazeti ya London yakamtukana. Mwaka 1908 alifika Afrika Kusini, akasema ya kuwa vyama vya wafanya kazi viwafungulie mlango Waafrika pia, na makundi ya watu weupe yakamshambulia kwa ghasia. Alifariki mwaka 1915. Bibi Sylvia Pankhurst alimchora kwa mkono wake, na picha aliyoichora imo katika nyumba ya picha za Taifa mjini London, penye picha za wafalme na majemadari. Katika mji mdogo wa Cumnock alikokaa, kichwa chake kilichofinyangwa na Benno Schotz kiliwekwa mbele ya jumba la mji mwaka 1939. Hivi ndivyo mtoto aliyenyimwa ujira wa juma moja alivyopata mahali penye ukuta wa Taifa.

Sasa twarudi kwetu. Makhan Singh alizaliwa mwaka 1913 katika kijiji cha Gharjakh, nchi ya Punjab. Baba yake alikuwa fundi seremala aliyekuja Kenya akafanya kazi ya reli. Mwaka 1927 mtoto alimfuata Nairobi pamoja na mama yake, akasoma katika shule ya Wahindi ya Serikali, akafaulu mtihani wa London. Lakini fedha za kuendelea na masomo hazikuwapo. Akaingia katika kiwanda cha kupiga chapa cha baba yake, akawa mpanga herufi na mwandishi, tena mtunga mashairi katika lugha ya kwao. Sisi tunaoshika kalamu kwa ajili ya kulisha watoto twaijua njia hiyo: elimu imefika mlangoni, na karo imebaki nje.

Mwaka 1935 mafundi wa Kihindi wa Nairobi walimchagua kuwa katibu wa chama chao. Jambo lake la kwanza ndilo kubwa kuliko yote. Alikishauri chama kiondoe neno “Kihindi” katika jina lake, kiitwe chama cha wafanya kazi wa Kenya, na mlango uwe wazi kwa kila mtu afanyaye kazi, bila kuuliza rangi wala dini. Ndugu, fikirini mambo yalivyokuwa siku zile. Katika garimoshi kulikuwa na daraja la Mzungu, daraja la Mhindi, na daraja la Mwafrika. Hospitali ilikuwa hivyo, shule hivyo, mshahara hivyo, hata choo hivyo. Mwafrika aliyetoka katika eneo lake kwenda kutafuta kazi alining’inizwa kipande shingoni tangu mwaka 1920. Katika nchi ya namna hiyo kijana wa miaka ishirini na mmoja alisema ya kuwa fundi Mhindi na kibarua Mwafrika wana tajiri mmoja na njaa moja, basi na wawe na chama kimoja.

Wazee wetu hawahitaji kufundishwa maana ya neno hilo. Sisi Abagusii tulikuwa na risaga kabla ya kuwa na chama chochote chenye muhuri. Wimbi la mtu mmoja lilipozidiwa na magugu, majirani walikuja wote na majembe yao. Na atakayekataa kwenda kwa jirani leo, kesho magugu yake yatamngoja yeye peke yake. Chama cha wafanya kazi ni risaga ya watu waliotoka mashambani wakaenda mjini, ambako jirani hamjui jirani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwaka 1937 chama hicho kiliitisha mgomo mjini Nairobi, nao ulidumu siku 62. Walipokwisha, wafanya kazi walikuwa wamepata nyongeza ya mishahara, na siku ya kazi ya saa nane ikakubaliwa. Mwisho wa mwaka 1939 Makhan Singh alikwenda Bara Hindi, na mwaka 1940 Serikali ya Kiingereza huko ikamtia kizuizini. Hakurudi Kenya mpaka Agosti 1947. Alikuta nchi imechemka. Mwezi wa Januari mwaka huo wafanya kazi wa Mombasa walikuwa wamegoma kwa maelfu, na kiongozi wao, Bwana Chege Kibachia, akakamatwa na kupelekwa mbali. Serikali ilijaribu zaidi ya mara moja kumfukuza Makhan Singh katika nchi, naye akasimama mahakamani, akakaa.

Tarehe 1 Mei 1949 vyama kadha wa kadha viliungana, vikaunda baraza moja la vyama vya wafanya kazi wa Afrika ya Mashariki. Rais wake alikuwa Bwana Fred Kubai, Mwafrika. Katibu mkuu wake alikuwa Bwana Makhan Singh, Mhindi. Serikali ilikataa kuliandikisha baraza hilo. Mwaka uliofuata, Nairobi ilipopewa cheo cha jiji kwa sherehe kubwa, baraza liliwaambia wafanya kazi wasishiriki, maana hawakuona cha kufurahia katika jiji ambamo walilala sita katika chumba cha mmoja.

Twafika sasa katika siku ambayo vijana wetu wanaitaja. Tarehe 23 Aprili 1950 chama cha KAU na chama cha siasa cha Wahindi vilifanya mkutano wa pamoja katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi. Wengine walikuja kuzungumza juu ya viti zaidi katika Baraza la Kutunga Sheria. Makhan Singh alisimama, akatoa shauri ya kuwa dawa ya mambo haya si viti, bali ni uhuru kamili wa nchi za Afrika ya Mashariki. Mkutano ukakubali. Kumbukeni mwaka: 1950, miaka 13 kabla ya bendera yetu kupandishwa. Mtu aliyesema hivyo siku zile hakutarajia cheo, alitarajia pingu.

Nazo hazikukawia. Tarehe 15 Mei 1950 yeye na Bwana Kubai walikamatwa. Kesho yake Nairobi ikagoma, na mgomo ukaendelea zaidi ya juma moja. Wafanya kazi walidai viongozi wao wafunguliwe, na mshahara wa kima cha chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Makhan Singh alipelekwa Nyeri mbele ya Jaji Thacker, yule yule aliyemhukumu baadaye Mzee Jomo Kenyatta huko Kapenguria. Mbele ya jaji huyo hakujificha. Alieleza ya kuwa yeye ni mkomunisti, na ya kuwa Serikali ya Kiingereza haina haki ya kuitawala nchi hii. Wako miongoni mwetu wasioipenda imani hiyo ya kikomunisti, wala hatusimami hapa kuwaomba waipende. Twataja tu kwamba alipoulizwa alisema kweli yake, ijapokuwa uongo ungalimpunguzia adhabu.

Akapelekwa Lokitaung, katika jangwa la Turkana, kisha Maralal, kisha Dol Dol. Mkewe na watoto walibaki Nairobi. Mlango wa kutokea ulikuwapo: aliambiwa ya kuwa akikubali kuondoka Kenya aende Bara Hindi, atafunguliwa. Alikataa, kwa kuwa alisema hapa ndipo kwao. Alifunguliwa tarehe 22 Oktoba 1961, baada ya Mzee Kenyatta mwenyewe kufunguliwa. Jumla ni miaka 11 na miezi 5. Mtoto aliyezaliwa siku ya kukamatwa kwake alikuwa tayari amefika darasani, akijua kusoma na kuandika.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 wengi walipata viti, wengine walipata mashamba. Makhan Singh hakupata cheo kikubwa. Hakuonekana akinung’unika. Alikusanya makaratasi yake, maana alikuwa na tabia ya kuhifadhi kila barua, kila tangazo, kila kumbukumbu ya mkutano, akaandika historia ya vyama vya wafanya kazi vya Kenya mpaka mwaka 1952. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1969. Alifariki tarehe 18 Mei 1973, naye hakufikisha miaka 60. Makaratasi yake yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na wanafunzi huyasoma mpaka leo.

Basi, Mzee wetu aliuliza: alitulimia shamba gani? Twajibu kwa adabu. Baada ya vita vya 1905 na 1908 Serikali ya kikoloni iliposhika nchi ya Gusii, kodi ya nyumba ilikuja, na kodi ikawasukuma vijana wetu kutoka milimani. Walikwenda kuchuma chai Kericho, walikwenda Magadi penye magadi na joto, walikwenda Nairobi na Mombasa. Katika kila nyumba iliyowakilishwa hapa leo yuko baba au babu aliyehesabiwa siku zake za kazi katika karatasi ya tajiri. Saa nane za kazi, likizo yenye malipo, haki ya kuuliza “kwa nini umenikata mshahara?” bila kupigwa kofi: vitu hivyo havikuota kama uyoga. Watu walivilima, na wengine walivilima gerezani. Makhan Singh hakulima peke yake, wala yeye mwenyewe hakudai hivyo. Lakini jembe lake lilikuwamo katika shamba letu, na wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kuhusu picha yenyewe, picha zake zamwonyesha mtu wa kilemba na ndevu, mwenye uso wa utulivu. Ukimtazama waweza kudhani ni karani wa duka. Wachora picha wapenda mtu aliyeinua ngumi, lakini kazi ya katibu haiko katika ngumi. Iko katika kuandika majina, kuhesabu michango, kupeleka barua siku yake, na kuitunza nakala. Keir Hardie alijulikana kwa kofia yake, na huyu kwa kilemba chake. Wote wawili hawakuvua kilichowaonyesha walikotoka ili wapendwe na wakubwa.

Hapa, Bwana Mwenyekiti, tumefika mahali pagumu, nasi twaomba radhi mapema.

Tulipokuwa tukiandika hotuba hii usiku, katika chumba hiki hiki chenye chokaa mpya, mlinzi wetu alipiga hodi. Nyote mwamfahamu: ni mzee mwenzenu, amelala mlangoni petu miaka mingi, na hajaibiwa mtu hata kiti. Alituuliza kwa upole kama mambo yake yamekwisha kupita. Tukashtuka. Tulipofungua mtoto wa meza tuliikuta hati ya malipo yake ya miezi miwili, haijatiwa sahihi. Mwezi wa kwanza Mtunza Hazina alikuwa safarini. Mwezi wa pili sisi wenyewe tuliifunika kwa makaratasi ya chokaa na picha. Mzee huyo hakuandika barua, wala hakugoma. Alikuja kazini kila jioni na koti lake na tochi yake.

Tukaketi tukiitazama karatasi ile, na juu ya meza ilikuwako habari ya mwoka mikate wa Glasgow, tuliyoiandika kwa wino mzuri. Tuliona haya. Tajiri yule alizuia ujira wa juma moja, nasi tumezuia wa majuma manane, tena bila hasira, kwa kusahau tu. Lakini twauliza, je, njaa hujua tofauti ya hasira na kusahau?

Kosa hili ni la karani, wala hatutaki liandikwe kwa jina la mwingine. Hati imetiwa sahihi juzi, na mlinzi amepokea haki yake yote mbele ya wazee wawili. Hata hivyo kulipa deni si kutengeneza. Kwa hiyo, pamoja na hotuba, tunaleta mashauri matatu mbele ya mkutano.

La kwanza: kila aliyeajiriwa na Chama hiki, awe mlinzi, mfagiaji au fundi wa siku moja, alipwe tarehe iliyowekwa, na kama Mtunza Hazina hayupo, wazee wawili wa Halmashauri wawe na ruhusa ya kutia sahihi. Tarehe hiyo ibandikwe ukutani.

La pili: sisi wenye vibarua majumbani mwetu, wachuma chai katika mashamba yetu madogo, wasichana wanaolea watoto wetu, tufanye vivyo hivyo. Zamani tajiri alikuwa mgeni, naye alitambulika kwa rangi yake. Siku hizi tajiri anaweza kuwa mwanachama wa Chama cha Ustawi, tena ameketi safu ya mbele. Tusije tukasifu mgomo wa mwaka 1937 na huku tunamwambia mchuma chai wetu arudi wiki ijayo.

La tatu ni picha. Mzee wetu alisema kweli: fedha za wajane na maiti zisiguswe. Vijana walioiomba wamekubali kuchanga wenyewe, na mwanachama mmoja fundi seremala amejitolea fremu. Kama siku moja tutapata nguvu zaidi, hapa kwetu hatukosi mafundi wa Tabaka, ambao jiwe laini hutii mikono yao. Nao waweza kuchonga kichwa kama kile cha Cumnock. Lakini hilo lingoje. Kwa sasa picha moja ya karatasi yatosha.

Twaomba itundikwe juu kidogo ya karatasi ya tarehe ya malipo, si mahali pengine. Mtu atakayeinua macho kumtazama katibu huyu, ataona kwanza kama mlinzi amelipwa. Na mwaka ambao hajalipwa, twaomba wazee waigeuze picha ielekee ukuta mpaka alipwe, na karani aeleze sababu mbele ya mkutano.

Bwana Mwenyekiti, tumemaliza. Mashauri haya twayaweka mikononi mwa wazee.